Jina la Pekee Lililoitikiwa na Wawili

Nyamazeni, enyi wenye majina ya kawaida, ninyi ambao mkiitwa barabarani hugeuka nusu ya barabara! Zimeni simu, sogezeni viti, na mwenye kukohoa akohoe sasa amalize. Nawaletea habari za Fundi Funguo, mfungua vitasa, mtiisha makomeo, mwana wa mwoka mikate, shujaa ambaye jina lake la ukoo halikuwa na mwingine mjini ila yeye na baba yake. Jina lenyewe sitalitaja. Ni adimu, na vitu adimu havishikwishikwi ovyo.

Baba yake, yule mwoka mikate, alikuwa amekwisha kustaafu na kuzeeka, na kila akinywa chai alirudia neno lile lile.

"Mwanangu, wewe hukujaliwa mtoto. Mimi nikienda na wewe ukinifuata, jina letu limekwisha. Laiti ningemwona mmoja tu anayeitwa kama sisi, ningelala usingizi mzuri!"

Zamani mzee alikuwa na mdogo wake, lakini waligombana ujanani, mdogo akachukua begi lake akaondoka, na tangu siku hiyo hakusikika tena. Mzee akiulizwa waligombania nini, hutazama ukuta.

Basi Fundi Funguo akajifunga kibwebwe, akatoka kwenda kulitafuta jina, maana alimpenda baba yake na maneno yale yalimchoma. Akazivamia ofisi, akasukumwa dirisha hili hadi lile. Akayazingira makaburi, akainama kusoma kila jiwe, hata mlinzi akaanza kumfuata nyuma kwa mashaka. Akawahoji vinyozi, makondakta na wakunga wastaafu. Hakuna aliyelijua jina lile, mpaka alipomfikia muuza vitunguu sokoni, ambaye uso wake uling'aa.

"Jina hilo? Mwenye nalo namjua sana! Ni fundi wa vitasa, ana mzee wake alikuwa anaoka mikate. Mtu mwema, ila akikuahidi leo, huja wiki ijayo."

Shujaa akashukuru, akanunua vitunguu, akarudi nyumbani kimya kimya.

Mwaka ukapita hivyo, na ndipo adui mwingine akamshambulia ubavuni, adui asiyejua huruma, gego la chini upande wa kushoto. Shavu likavimba. Akaiendea zahanati ya meno, akaketi kwenye benchi, chini ya picha ya jino linalocheka. Na mjue kwamba katika zahanati ile wagonjwa huitwa kwa jina la ukoo pekee, na anayechelewa kusimama husogezwa mwisho wa foleni bila kujadiliana. Wazoefu wote hukaa ukingoni mwa benchi, tayari kuruka.

Nesi akachungulia mlangoni, akaliita lile jina adimu.

Fundi Funguo akaruka. Lakini papo hapo, kutoka benchi la pili, akaruka mwanamke mmoja mrefu, dereva wa lori la zege aliyekuja mjini kwa kazi, mwenye buti na kitambaa kilichofungwa kuzunguka taya. Wote wawili wakafika mlangoni, wote wawili wakashika kitasa.

"Dada," akanena shujaa kwa shida, "keti. Nimeitwa mimi."

"Wewe? Mimi nimefika hapa mlango haujafunguliwa. Keti wewe."

"Kwani wewe unanijua? Mimi ndiye nifunguaye milango iliyowashinda wenyewe! Hakuna mlango uliowahi kunizuia, na leo sitazuiwa na mtu!"

"Na mimi naendesha zege, kaka. Zege halisubiri mtu. Nipishe!"

Kitasa kikavutwa huku, kikavutwa kule. Mabenchi yote yakasahau maumivu, na aliyekuwa akiugulia kwa sauti akanyamaza ili asikie vizuri.

"Jamani!" nesi akasema. "Nimemwita mmoja tu."

"Ni mimi!" wakaitika pamoja.

"Hilo ni jina langu, nimezaliwa nalo," mwanamke akaongeza.

"Jina lako?" akanguruma shujaa, kama aliyemkuta mtu na kuku wake. "Umelitoa wapi?"

"Kwa baba yangu! Kwani ulidhani nimeliokota?"

Hapo mkono wa Fundi Funguo ukaachia kitasa. Mwaka mzima alikuwa akimwinda mtu huyu, na alipomwona amemwambia akae chini! Aibu ikamshika hadi masikioni.

"Baba yako," akauliza polepole, "alikuwa na kaka?"

"Alikuwa naye. Mwoka mikate. Hakutaka tumtaje kabisa."

Shujaa akalia mbele ya wagonjwa wote, wala hakujificha. Alipoweza kusema, akamweleza yeye ni nani, kisha akafungua mlango kwa heshima. "Pita wewe kwanza, dada yangu."

"Hapana, kaka yangu. Pita wewe."

"Nimesema pita!"

"Sipiti!"

Nesi akamwita mgonjwa mwingine, naye akapenya katikati yao akaenda kukaa kwenye kiti. Wale wawili wakatoka na meno yao mabovu, wakaenda kwa mzee.

Mzee alikuwa kwenye kochi lake. Akaelezwa, akamtazama mgeni toka buti hadi kitambaa cha taya.

"Mmekutana vipi?"

"Tumegombania zamu, baba mkubwa."

"Nani ameshinda?"

"Hakuna."

"Basi huyu ni wetu," mzee akasema. "Uko peke yako?"

"Peke yangu wapi! Nina kaka zangu, nao wana watoto. Wote wanaitwa kama wewe. Wengine ndiyo kwanza wanajifunza kuliandika."

Mzee akafunika uso kwa viganja. "Na baba yako?"

"Alifariki. Mpaka siku ya mwisho alisema wewe ndiye uliyekosa."

Mzee akainuka kochini, machozi yakimtiririka. "Mimi? Yeye ndiye aliyeanza!"

"Alisema utasema hivyo."

"Keti hapa nikueleze ilivyokuwa!"

"Nieleze, baba mkubwa. Lakini na mimi nitajibu kwa niaba yake."

Na wajue wa leo na watakaozaliwa kesho kwamba alasiri ile, katika nyumba ya mwoka mikate, ule ugomvi mkuu uliolala tangu ujana wa wale ndugu wawili uliamshwa upya, ukapiganwa kwa kelele hadi majirani wakatoka nje, na hakuna hata mmoja aliyetaka uishe. Naye Fundi Funguo, mshindi wa vita vile, aliketi katikati yao na shavu lake limevimba, akicheka kwa upande mmoja wa mdomo.