Kiti cha Kaislee Darasa la Kichina

Jumatatu, 5 Februari

Kaislee wangu ataongea Kichina! Fomu ya darasa la kwanza nimejaza leo, mtu wa kwanza mlangoni, theluji magotini. Nusu siku Kiingereza, nusu siku Kichina, bure, shule ya serikali. Na mama yake niliishia darasa la kumi! Wifi yangu Marlys kapiga simu kujigamba: mwanawe Tate, anayesoma shule hiyohiyo, anahesabu Kichina hadi mia. Nikamwambia hongera, wangu ataanzia hapo.

Tatizo dogo. Wanaokaa mtaa wa shule huchukuliwa kwanza, sisi tuko ng'ambo ya barabara kuu. Nimeandika anwani ya mama mkwe, anayekaa jirani na shule. Mume wangu Dallin kauliza kama huo si uongo. Nikamjibu tunakula kwa mama yake kila Jumapili, na mtu anakaa anapokula. Kaenda kufagia theluji. Mume mwema.

Jumatano, 7 Februari

Wazazi na watoto tumetembelea darasa. Nilibeba jeli ya kijani yenye karoti, bakuli zima. Mwalimu Qiao mpole, maskini, Kiingereza hajui hata neno. Nilimsalimu polepole, kwa sauti ya kuitia ng'ombe. Akatabasamu, akajibu Kichina. Kaislee akanyoosha mkono bila kuulizwa. Damu yangu!

Marlys kanong'ona: we wifi, fomuni umesema unakaa wapi? Nikamjibu palepale, mbele ya mwalimu, bila kunong'ona: kwa mama mkwe, na Kaislee akiulizwa atasema analala chumba cha juu ya gereji. Marlys akanifinya. Nikamwambia aache woga, huyu hasikii kitu.

Ijumaa, 9 Februari

Nimeitwa shuleni. Watoto wameshaondoka. Mwalimu Qiao kaniambia, kwa Kiingereza kizuri kuliko changu, kwamba jeli ilikuwa tamu na kwamba kazaliwa Sacramento, hapahapa nchini. Mbele ya watoto ni Kichina tupu, ndiyo kanuni. Wazazi wote tulipewa karatasi ya maelezo. (Nilifungia sandwichi.) Fomu imefutwa.

Nimelia garini. Kaislee ameshajifunza kusema asante kwa Kichina. Leo kaiambia sahani yake, kamwambia na paka.

Marlys kapiga simu: pole wifi, Tate anawaombea. Kwa Kichina.

Jumatatu, 12 Februari

Kumbe shule ya mtaani kwetu, dakika nne kwa miguu, ina darasa la Kihispania na nafasi nne wazi! Anwani yetu wenyewe imetosha. Kaislee ana kiti! Nimemwambia Marlys Kihispania ndicho nilichokitaka tangu mwanzo, Kichina siku hizi kila mtu anacho. Kacheka mpaka kakohoa.

Sasa mdogo wake, Brody. Ana miaka miwili, lakini fomu ya Kichina nimeshaipata. Safari hii nimeandika anwani ya Marlys. Mwenyewe nitamwambia kwenye sherehe ya Kaislee kupata kiti, akishashiba viazi vyangu vya jibini. Nimealika ukoo, majirani, kanisa zima. Nyumbani kwetu, kwetu hasa, saa kumi jioni. Waje wote Jumamosi, tarehe 17.