Uzi Mnene wa Besi

Jumanne, 11 Juni
Uzi mnene wa gitaa langu la besi umekatika. Ukanichapa shavuni. Mama watoto, aliyekuwa akikunja nguo, akasema ni zamu yangu. Yeye umemchapa masikioni tangu tuoane. Nyuzi zangu ni zile bapa, laini kama mgongo wa kijiko. Dukani nimeonyeshwa kamba ya kuanikia nguo.

Balaa. Jumamosi mjukuu wangu anaolewa, na ameomba kitu kimoja tu: wimbo niliokuwa nikimbembelezea, ule unaoanza na besi peke yake. Mkuu wa bendi asijue. Akijua atampa shemeji, mdogo wake mama watoto, nafasi yangu, na shemeji ni fundi bomba, hupiga besi kama anayefungua koki iliyoshika kutu.

Jumatano, 12 Juni
Nimekwenda kumjulia hali shemeji. Akashtuka, akauliza nani kafa. Besi yake iko sebuleni mkobani, shingo ndefu kama jirani mbeya. Nikachungulia zipuni: nyuzi bapa, zote nne! Akasema anaoga mara moja, kisha tunywe chai. Shemeji huoga kama anayefua godoro. Nikapata muda wa kutosha.

Uzi mnene nikaupenyeza kwenye mguu wa suruali. Chai nikainywa nimesimama. Nilimwambia goti limekaza, na hapo sikudanganya.

Alhamisi, 13 Juni
Najuta. Uzi bapa una mkia mwembamba, na ni huo mkia unaozungushwa kwenye kigingi cha kukazia. Sehemu nene haitaki kukunjwa. Sasa besi ya shemeji ni ndefu, yangu fupi, kwa hiyo mkia wote ulipita kigingi ukaning'inia nje. Nikachukua koleo, nikaukata. Mama watoto akauliza kama nina hakika. Nikamjibu nilianza kushika besi kabla sijamshika yeye mkono. Nikaikunja ile nene. Nikakaza. Nikakaza tena kidogo.

Shavu la pili.

Basi sina besi. Ila shemeji naye hana. Nimelala mchana vizuri tu.

Jumamosi, 15 Juni
Kumbe mama watoto alimpigia mdogo wake simu, akamwambia besi yangu imekufa. Shemeji akaja ukumbini na mkoba mgongoni. Nikajua anakuja kunikalia kiti. Akauweka mikononi mwangu, mbele ya bendi nzima.

"Piga wewe, shemeji. Mtoto amekutaka wewe, mimi nitakaa nisikilize."

Nilitamani zipu ikwame. Haikukwama. Nyuzi tatu. Shemeji akaziangalia, kisha akaangalia mashavu yangu, la kulia, la kushoto. Angenitukana ningepumua.

Bibi harusi alikuwa amesimama katikati ya ukumbi, amemshika mumewe mkono, ananitazama mimi.

"Babu, anza basi."

Wimbo ule huanzia uzi mnene, sikuwa na cha kuanzia. Mpiga kinanda akanionea huruma, akaanza yeye. Mtoto akacheza, kwa adabu, kama anayecheza wimbo wa watu. Mimi nimekaa jukwaani mikono mitupu. Ningeomba tu! Kinywa hiki kinachoropoka kutwa, Jumatano kilishindwa kusema niazime besi yako.

Jumatatu, 17 Juni
Nimekwenda kwa shemeji kuomba radhi. Nililia kidogo, machozi ya kweli. Akasema yamekwisha, ila nisimzoee. Mjukuu naye kapiga simu, kasema hakuna neno, Babu, utanipigia siku nyingine. Siku gani? Ya Jumamosi haipo tena. Nimeapa kuishi na watu kwa uwazi.

Shemeji ameagiza uzi mpya, unafika Ijumaa. Mkoba ameutia kufuli. Nililitazama alipokwenda kuoga. Dogo, la sanduku la shule. Pini ya nywele ya mama watoto inatosha.

Safari hii nitakaza polepole.