Jiwe la Ndoa la Auchterbrae

Jumatatu, 4 Machi
Balaa! Nimesikia buchani kwamba mpwa wangu Isobel anabomoa jiko la kale la Auchterbrae, shamba letu huku Uskoti. Jiko nililozaliwa ndani yake! Mawe ya mtoni, chokaa, dirisha dogo kama kitabu. Miaka arobaini nikiwa Kanada nililiota. Nimerudi, napanga chumba juu ya bucha, naye anashika nyundo! Mwenye bucha anasema nimwulize Isobel kwanza. Nimwulize? Nifichue vita kwa adui? Nimempigia simu mkaguzi wa majengo ya kale. Atakuja Alhamisi.

Jumanne, 5 Machi
Kasoro moja. Mlango wa jiko hauna jiwe la ndoa. Nyumba zote za heshima bondeni zina herufi za mume, herufi za mke na mwaka, juu ya mlango. Isobel kaenda mnada wa kondoo. Nikapanda ngazi na patasi, nikachonga. J.D. na M.D., 1647. John Durie na mkewe Marjory Durie, wahenga niliowabuni mwenyewe. Kazi safi! Safi mno, zinang'aa kama meno ya bandia. Nimezipaka mtindi ziote ukungu.

Jumatano, 6 Machi
Mbwa wa Isobel ameugundua mtindi. Mlango ni mfupi. Anaruka tangu asubuhi, analamba wahenga wangu. Isobel kaniuliza, "Mjomba, mlango wangu una nini hata mbwa aubusu?" Nikasema labda kanusa panya. Akanitazama sana, akanipakulia supu ya shayiri. Ukarimu wa mwenye hatia!

Alhamisi, 7 Machi
Mkaguzi, Dokta Farquhar, ni binti mwembamba mwenye tochi. Akalitazama jiwe, akacheka mpaka akashika ukuta. "Mzee, hawa walikuwa mume na mke, au kaka na dada?" Zamani zile, akasema, mke wa Kiskoti hakuliacha jina la babake hata kaburini. Hata mamangu! Kila Jumapili napita kaburini kwake, na jina la babake limeandikwa pale wazi.
Akapanda darini kwa hasira, kutafuta uongo mwingine. Kisha ukelele! Akashuka na masizi usoni. Jozi za nguzo za mialoni iliyopinda, zinatoka chini ukutani hadi kilele cha paa, ujenzi wa kabla ya 1647. Nyumba ni kongwe kuliko nilivyothubutu kudanganya! Akasema italindwa kisheria, wala usigongwe hata msumari.
Nikarusha kofia juu. Isobel akaketi kizingitini, akalia.

Ijumaa, 8 Machi
Nimeduwaa. Isobel hakutaka kubomoa jiko zima. Ni ukuta wa nyuma tu, aweke bafu, kipasha joto na kitanda orofa ya chini, nisipande ngazi. Kwa ajili yangu! "Nilitaka uzeekee kwenu, Mjomba, si juu ya bucha ya watu." Sasa haiwezekani. Chai imepoa mbele yangu. Miaka arobaini ya kutamani kurudi, na mlango nimejifungia mwenyewe.

Jumamosi, 9 Machi
Nimelitambua kosa. Nilihangaika kuizeesha nyumba, kumbe ilitakiwa ifanywe changa! Isobel ataomba kibali cha bafu. Kanisihi nisiguse chochote, nisimpigie mtu simu. Maskini, hajui mambo haya. Jumatatu yuko kwa daktari wa meno. Nimeagiza saruji ya kuisiriba mialoni, na rangi ya waridi.