Mlima wa Kamati ya Gia

Inatangazwa kwa furaha kubwa kwamba halmashauri ya Grietmeer, huko Friesland, Uholanzi, imetimiza mwezi wa kumi na nne wa mchakato wa kuwachagulia wauguzi wake wa majumbani baiskeli za umeme, na kwamba hadi sasa hakuna mjumbe aliyemnunia mwenzake.

Tjeerd Hoekema, mwenyekiti wa Kamati ya Kudumu ya Muda ya Gia, alijivunia hilo kuliko wanawe. Gia za nje ni nyepesi, mnyororo unahama jino hadi jino, ila zinashika kutu na hazibadiliki mpaka ukanyage pedali. Za ndani zimefichwa kwenye kitovu cha gurudumu, na unabadilisha hata ukiwa umesimama. Wajumbe wanne walitaka za nje, wanne za ndani. Na Grietmeer hapapigwi kura ng'o. Watu huongea mpaka wote wakubaliane. Basi kahawa ikamiminwa, kila mtu akapewa biskuti moja, kopo likafungwa.

Mlango ukafunguka. Akaingia muuguzi Sjoukje, kalowa chapachapa, mikono myeusi kwa grisi.

"Jamani, mnyororo umekatika tena! Mzee Wiebren kakaa na kidonda wazi saa tatu nzima ananingoja. Nipeni yoyote, hata ya rangi ya waridi!"

"Pole sana, dada," alisema Tjeerd. "Lakini tutajuaje ipi inafaa kupandia mlima?"

"Mlima upi tena? Huku kote tambarare kama meza! Mlima wetu ni upepo, bwana."

Tjeerd akapekua makabrasha. "Upepo haumo kwenye ramani."

Na kweli haumo. Kamati ikaazimia kwa kauli moja kujenga Mlima wa Majaribio: kifusi cha mita nne, kibali cha mazingira, uzio, na bango la kuwatahadharisha wananchi juu ya kizunguzungu.

Siku ya uzinduzi Tjeerd mwenyewe alipanda, kwa gia za nje, ile nzito kuliko zote, maana ndiyo iliyoonekana ya heshima. Katikati ya mlima upepo ukampiga kifuani, baiskeli ikasimama kabisa. Akabonyeza gia, akabonyeza tena. Wapi! Akarudi kinyumenyume hadi mtaroni, mguu ukavunjika pawili. Katibu akaandika: matokeo ya awali yanatia moyo.

Mguu ukafungwa plasta ngumu. Daktari akaagiza sindano kila siku saa mbili asubuhi, damu isije ikaganda ikamuua. Muuguzi wa kwenda kumchoma nyumbani ni Sjoukje. Siku ya tatu, akimngoja bado, Tjeerd aliipigia kamati simu.

"Nunueni za ndani! Za nje! Zozote, nawaomba!"

Kijiko kikasikika kikigonga kikombe.

"Tumekusikia, Tjeerd," alisema makamu wake, Aukje, kwa upole. "Ila sasa wewe ni mgonjwa, una maslahi binafsi. Tumekubaliana wote ukae pembeni."

"Wote? Mimi sijakubali!"

"Ndiyo maana tunaendelea kuongea."

Simu ikakatwa. Tjeerd akautazama mlango, kisha saa ya ukutani. Ilikuwa saa saba kasorobo mchana.