Tundu la Paa la Elinami

Elinami Pallangyo alikatia bima dirisha la paa ambalo gari lake halikuwa nalo. Hilo ndilo lilikuwa tatizo. Mengine yote yaliyompata yalipitia kwenye tundu hilo.

Usianze kumcheka. Huyu ndiye aliyewahi kuniuzia beberu wangu mwenyewe. Nilimkomalia akashusha elfu kumi, nikarudi nyumbani napiga mluzi, najiona mjanja. Arusha imejaa watu wa namna yangu, ndiyo maana watu wa namna yake hawalali njaa.

Mwaka wa mambo haya alikuwa ameuza kiwanja cha Ngaramtoni, kitu pekee alichoachiwa na baba yake, akanunua kigari chekundu cha Kijapani, kidogo kama kiatu, chenye mlio wa kutikisa madirisha ya watu. Milioni kumi na nane. Hakubaki na kingine duniani. Shangazi yake, Magdalena, alipopata habari alisema neno moja tu: "Haya." Sisi wa mlimani tunaijua "haya" ya mama yule. Ni kama wingu jeusi juu ya Meru. Huenda lisinyeshe leo, lakini nguo anua.

Elinami alipokwenda kukata bima kubwa, ile inayolipa hata gari likiibiwa, alimkuta dada mmoja mpole anaitwa Magreth.

"Kaka, gari lina vifaa vya ziada? Vile vinavyofungwa kiwandani kwa oda?"

"Kama vipi?"

"Viti vya ngozi, rimu kubwa, dirisha la paa, lile la kufunguka juu ya kichwa. Kama vipo, vitaje. Usipovitaja, siku gari likiibiwa tunalipa bei ya gari la kawaida. Wengi wanavificha ili ada iwe ndogo, halafu wanakuja kulia hapa mezani."

"Na mtu akivitaja?"

"Ada inapanda kidogo. Fidia nayo inapanda."

Elinami aliinua kichwa kama mtu aliyesikia kengele ya kanisa. Mji mzima unaficha ulichonacho. Hakuna hata mmoja aliyewahi kufikiria kutaja asichonacho!

"Dada Magreth," alisema, mkono kifuani, "mimi nimelelewa kusema kweli. Andika."

"Niandike nini?"

"Vyote ulivyotaja."

"Niletee picha, basi."

Picha hazikumsumbua. Njiro kulikuwa na binti anaitwa Princess, mwenye gari kama lile lile, rangi ile ile, lakini la kwake lilikuja na kila kitu. Lilioshwa kila Jumamosi na Allen, kijana wa kituo cha kuosha magari, rafiki wa Elinami na wa fedha. Allen alipewa laki mbili. Akafungua namba za gari la Elinami akazifunga kwenye la Princess, Elinami akapiga picha, namba zikarudi kwao. Princess mwenyewe alikuwa amekaa kwenye benchi anasubiri, akala na karanga alizokaribishwa na Elinami.

"Broo," Allen alisema, "hii si dhambi kweli?"

"Dhambi ni kuiba cha mtu. Mimi naiba nisichonacho."

Allen aliona ni sawa. Hata mimi aliponieleza baadaye niliona ni sawa kwa muda mrefu kidogo, mpaka nilipomkumbuka beberu.

Gari likakatiwa bima ya milioni ishirini na saba. Kilichobaki kilikuwa ni kuibiwa. Alasiri moja ya mvua Elinami aliliendesha njia ya Momela, akakata kushoto mpaka shambani kwa shangazi yake, akang'oa namba, akalisukumia katikati ya migomba na kulifunika kwa majani makavu. Mpango ulikuwa rahisi: alipwe milioni ishirini na saba, halafu gari aje aliuze vipande vipande. Anakula ng'ombe na maziwa yake anakunywa.

Aligeuka akamkuta shangazi amesimama na panga la kukatia majani ya ng'ombe.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Ni nini hicho unazika kwenye migomba yangu?"

"Ni siri, shangazi."

"Siri yenye matairi?"

Hapa ndipo kipaji kilipomponza. Mtu mwingine angesema ameficha gari kwa sababu ya deni, yakaisha. Elinami hakuwahi kusema uongo mdogo pale ambapo mkubwa ungeenea.

"Shangazi, nimeuza kiwanja cha baba, na roho imenisuta. Hili gari ni sadaka yangu ya mavuno. Sitaki watu wajue. Maandiko yanasema hata mkono wa kushoto usijue."

"Umeokoka lini?"

"Juzi."

"Juzi ipi?"

"Alhamisi."

Shangazi aliliangalia gari, akamwangalia yeye, akafuta panga kwenye kanga.

"Haya," alisema.

Elinami aliporudi mjini alitoa taarifa polisi kwamba ameibiwa, akajaza madai kwa Magreth, hata akatoa chozi. Jicho la kulia tu, lakini Magreth alimpa kitambaa.

Jumapili ya mavuno ikafika. Kwetu, siku hiyo hata aliyehamia Njiro akajenga ukuta na geti anarudi mlimani. Watu wanaleta mikungu, kuku, mayai, kahawa, na baada ya ibada vinanadiwa nje ya kanisa. Hapo ndipo utamwona mtu anayegombana na mke wake kwa bei ya nyanya akinunua yai moja elfu ishirini, kwa kuwa jirani anaangalia. Mimi mwaka huo nilinunua boga langu mwenyewe. Nimeshazoea.

Elinami alikuja na maboga mawili aliyonunua sokoni, akasema ameyalima. Alikuwa anapokea pongezi aliposikia akina mama wanaimba. Akageuka. Walikuwa kumi na wawili, wanasukuma kigari chekundu kilichopambwa kwa maua na majani ya migomba, shangazi Magdalena mbele na panga lake, kama mkuu wa gwaride.

Magreth alikuwa amesimama karibu naye, kavaa kitenge. Naye ni wa huku huku.

"Kaka Elinami, mbona hilo ni kama lako?"

"Yanafanana tu, dada. Wajapani hawana ubunifu."

"Kweli. Ngoja nikasome namba ya chesisi. Mara moja tu."

"Ngoja! Ee, ni lenyewe! Wezi wamelitelekeza! Bwana asifiwe!"

"Amina," alisema Magreth, akalizunguka polepole. "Viti vya ngozi sivioni."

"Wezi hawana utu."

"Rimu kubwa nazo hazipo."

"Si nakwambia!"

Magreth akagonga paa kwa vidole. Bati likalia ngo, ngo. "Na dirisha la paa?"

Elinami naye akaligonga lile bati, kana kwamba tundu lingeitika.

"Mwizi wa viti namjua, kaka. Wa rimu namjua. Lakini mwizi anayeiba tundu akaacha bati zima, huyo nionyeshe, nimtafutie kazi."

"Wezi gani tena?" Shangazi Magdalena alidakia kwa sauti ya kufika bondeni. "Mwanangu, si uliniambia kwa kinywa chako kwamba ni sadaka?"

Uongo wake wa polisi na ule wa migombani ulikuwa umekutana, naye amebanwa katikati. Akisema ameibiwa, itabidi aseme lile tundu limekwenda wapi. Akisema si lake, chesisi itasema. Ulibaki mlango mmoja tu, na aliyeujenga ni yeye.

"Ni sadaka," alisema.

"Kanisa halijasikia!" alipaza sauti mzee Aminieli, mnadishaji.

"Ni sadaka! Nimetoa!"

Vigelegele vikapasuka. Nami nilipiga makofi mpaka viganja vikauma.

"Basi kesho unafuta madai yako kwangu," Magreth alimnong'oneza, "halafu unakwenda polisi ukaeleze kwamba hukuibiwa. Ulitoa sadaka, ukasahau."

"Nilisahau, dada."

"Na kadi ya gari?"

Shangazi alikuwa ameshanyoosha mkono. Kadi ilikuwa mfukoni mwa Elinami. Alikuwa anatembea nayo kwa kuogopa wezi.

Shangazi na wale akina mama ndio walioshinda mnada, kwa milioni tatu walizochanga, wapate chombo cha kupeleka ndizi sokoni. Nilimuuliza mama yule kama alijua tangu siku ile ya migombani. Alisema, "Aliyeokoka Alhamisi haanzi kwa kufukia sadaka majanini."

Siku ya kwanza ya soko mikungu haikuenea ndani. Wakamwita fundi, akakata paa.

Hesabu ya Elinami ni hii. Gari, milioni kumi na nane. Ada ya bima, milioni moja, laki moja na elfu kumi na tano. Allen, laki mbili. Maboga mawili, elfu sita. Nauli ya kurudi mjini Jumapili ile, elfu tatu, alizomkopa shangazi. Jumla, milioni kumi na tisa, laki tatu na elfu ishirini na nne.

Tundu la paa, elfu arobaini. Hilo walilipa akina mama.