Darasa Lisilo na Madawati

Jumatatu, 2 Julai 1956
Nimerudi jana kutoka Mombasa, kozi ya walimu. Kichwa kimejaa! Mkufunzi alitwambia mtoto si mtungi wa kutiwa maji: hujifunza kwa mikono yake, kwa mwenziwe, na kwa mwendo wake. Jengo lenyewe, akasema, ni mwalimu. Wenzangu walisinzia. Mimi nilimkumbuka Maalim Shee, Mungu amrehemu, aliyeyafanya yote hayo bila kozi. Alitusomesha ndani ya msikiti wa udongo wa hapa kijijini. Tulikaa mkekani nusu duara, kila mtu na ubao wake na sura yake ya Kurani, mkubwa akimshika mdogo mkono kumwandikisha alifu. Hapakuwa na wa mwisho. Msikiti ulianguka mwaka wa mvua kubwa, Maalim naye akafuata. Siku hizi wazee huenda kuswali kijiji cha pili, na watoto hukaa madawatini wakitazamana visogo. Inaniuma.

Shule yetu inataka darasa jipya na mwalimu mkuu mpya. Wanaoitaka nafasi ni wawili, mimi na mwalimu mwenzangu Kahindi. Mzee Matano, mwenyekiti wa kamati, ameamua kila mmoja ajenge darasa lake la miti na udongo. Bwana Elimu, afisa wa serikali, atakuja tarehe 14 kuchagua, na mwenye darasa ndiye mkuu. Kahindi anajenga sanduku. Maskini!

Alhamisi, 5 Julai
Nimemchorea Fundi Tsuma ramani mchangani. Mduruma wa bara, hodari, haulizi maswali. Madawati hakuna, mikeka tu. Mlangoni mtungi na kata, watoto waoshe miguu. Ukuta wa mbele uelekee kaskazini, jua lisiwapige machoni. Katikati ya ukuta huo, shubaka lililoingia ukutani, la kutosha mtu kusimama, juu limepindwa. Mkufunzi alisema sauti ya mwalimu lazima ifike nyuma, na Maalim alipokuwa akinong'ona pale pake tulimsikia sote. Vipimo nimevitoa kichwani, macho nimefumba. Kumbukumbu haidanganyi.

Kahindi amepita, akacheka, akauliza ubao wa chaki utakaa wapi. Wivu tu.

Jumanne, 10 Julai
Leo ilikuwa mweria, siku ya watu wote kujenga pamoja. Kwa Kahindi wamekwenda wanne, mmoja mgonjwa wa mguu. Kwangu umati! Wazee wasiopata kuuliza habari za shule wamebeba udongo wenyewe. Wanawake wameleta mikeka mipya bila kuombwa. Mzee Matano amewahesabu wanaume, wakafika arubaini kamili, akafurahi kuliko mimi. Kisha ameshika ukuta akatokwa na machozi. Nimemweleza kwamba elimu ya kisasa huwagusa watu hivyo.

Mwanatumu, mke wangu, ameniuliza kama nimekiona ninachokijenga. Nimemjibu kwa upole kwamba yeye hakwenda kozi.

Ijumaa, 13 Julai
Ya leo makubwa. Nimekwenda saa sita mchana kufagia, tujitayarishe na kesho. Viatu tele mlangoni. Mtungi mkavu. Ndani, safu nne! Mzee Matano amesimama ndani ya shubaka langu, anasoma hotuba ya Ijumaa. Ndipo macho yakanifunguka. Shubaka gani! Nimejenga kibla cha imamu, na wale arubaini wa Mzee Matano walikuwa hesabu ya sala ya Ijumaa!

Ningefanyaje? Udhu ninao. Nimeingia safu ya nyuma. Na kweli, sauti inafika.

Baada ya sala nimemvuta Mzee Matano kando, nikamwambia lile ni darasa. Amenishika mikono yote miwili.

"Mwalimu Waziri, umeturudishia msikiti wa Maalim Shee. Nani atauvunja sasa? Wewe?"

Mikeka mipya ilikuwa ikinukia udi, nami ghafla nina miaka saba, nimesahau ubao nyumbani, namwogopa Maalim na kumpenda. Nimelia mbele za watu. Nimesingizia moshi.

Jumamosi, 14 Julai
Sikukata tamaa. Asubuhi nimewapanga wanafunzi wangu mikekani nusu duara, mkubwa na mdogo, wakifanya hesabu kwa kokwa za ukwaju. Binti mmoja aliyeshindwa hesabu za kutoa mwaka mzima, leo ametoa, kisha akamfundisha mwenziwe. Laiti Maalim angaliona!

Bwana Elimu akafika mlangoni. Akaona viatu, mtungi, kibla. Akavua kofia, akaomba radhi kwa kuingilia ibada, akarudi kinyumenyume. Nimemkimbilia kumweleza. Amenisifu kwa uchaji wangu, kisha akauliza shule iko wapi. Kahindi, amevaa tai, akamwonyesha.

Kahindi ndiye mkuu.

Jumatatu, 16 Julai
Alfajiri nimesimama nje ya darasa langu nikiwasikiliza watoto wakisoma juzuu. Chuo cha Kurani kimeanza tena. Nimefurahi, na roho inaniuma vilevile.

Kahindi, nisimdhulumu, ameniita na kusema aliwaona watoto wangu Jumamosi na walikuwa wakijifunza kweli. Amenipa kujenga darasa la wasichana. Nijenge nitakavyo, bora lifanane na kitu cha shule.

Nimefikiri sana. Kosa langu lilikuwa moja tu, nilikumbuka mahali pasipofaa. Safari hii nitajenga jiko la bibi yangu wa Diani. Mle ndimo nilimojifunza kuhesabu vitumbua, kupima kibaba na kungoja. Mafiga katikati, kinu pembeni, uchaga wa kukaushia juu yake, paa lenye pa kutokea moshi. Bwana Elimu atarudi Septemba, na kiti cha Kahindi kitatikisika!

Jioni nimetangaza mweria. Wanawake hamsini wamejitokeza, wengine hawana hata binti, na kila mmoja ameuliza kuni zitawekwa upande gani. Nimewaambia nitalifikiria. Kumbe watu wanapenda elimu hivi!