Mwenye Dume la Barabara ya Mhunze

Zamoyoni Kibwana hakuwahi kuajiriwa na kampuni yoyote ya bima, lakini hilo halikumzuia kuwa ofisa wa bima. Alikuwa na kizibao cha rangi ya machungwa chenye mistari ya kung'aa, futi kamba ya seremala, faili la plastiki, na kitambulisho alichokivaa shingoni kikiwa kimegeuzwa. Alikigeuza kwa sababu upande wa mbele kilisema yeye ni mshiriki wa semina ya ufugaji nyuki, Kahama. Ukivaa vitu hivyo kwa pamoja na kukunja uso kidogo, watu wanakupisha wenyewe.

Katika mali zake zote, kitu cha halali kilikuwa kimoja tu: pikipiki nyekundu. Aliinunua kwa kubeba viroba vya mawe ya dhahabu machimboni Mwakitolyo miaka miwili mizima, kabla hajagundua kwamba jasho halimpendezi. Aliifuta kila asubuhi kwa kitambaa laini kuliko taulo lake. Mtu akija kuiazima, Zamoyoni alimwambia bora aombe figo, kwa sababu figo anazo mbili.

Jumanne moja saa nne asubuhi alikuwa anakunywa chai pale njia panda ya Maganzo, dereva wa bodaboda akapita akipaza sauti kwamba huko mbele, barabara ya Mhunze, kuna mama kagonga dume la ng'ombe na gari jipya.

"Mwenye dume kafika?" Zamoyoni aliuliza.

"Hata harufu yake hakuna!"

Zamoyoni aliiacha chai nusu. Ng'ombe aliyekufa bila mwenyewe, na gari jipya lenye mwenyewe! Alihisi raha ileile anayoihisi mchimbaji akiona jiwe linametameta. Alimpigia simu Mayala, rafiki yake anayeshinda kijiweni, ambaye kazi yake katika shughuli zao ilikuwa kuwa mtu yeyote anayehitajika siku hiyo.

"Leo wewe ni mfugaji," alimwambia. "Vaa lubega, shika fimbo, njoo barabara ya Mhunze ukilia."

Kigari cheupe kilikuwa kimesimama kando ya barabara, bampa limeng'oka, taa moja haipo, rejeta inavuja. Mbele yake lilikuwa limelala dume kubwa jeusi, limekufa. Mwanamke wa makamo amechuchumaa kwenye kichwa chake, anapapasa sikio la kushoto huku machozi yanamtoka. Zamoyoni aliguswa. Mtu anayelilia ng'ombe wa watu, aliwaza, huyo hatasumbua kwenye bei.

"Pole sana, mama. Ofisa Makadirio, kitengo cha ajali," alisema, akavuta futi kamba na kupima umbali kutoka pembe hadi tairi, akaandika namba. Akapima na mkia pia.

"Asante baba. Naitwa Limi. Nauza chakula kule Mwakitolyo," mwanamke alisema akifuta uso. "Gari hili nimelipata wiki tatu tu zilizopita. Miaka saba nabeba masufuria kichwani, ndiyo nikasema nami nipumzike. Likienda hili, narudi kwenye kubeba."

"Ni ajali yako ya kwanza?"

"Ya kwanza."

"Bima kubwa au ndogo?"

"Ndogo."

Zamoyoni alitikisa kichwa taratibu kama daktari mwenye majibu mabaya. "Bima ndogo, mama yangu, inamtazama uliyemgonga. Wewe haikutazami. Na uliyemgonga akienda polisi, gari linalala kituoni mpaka faili liishe, na mafaili ya ng'ombe hayaishi. Ningekuwa wewe, ningemalizana na mwenye dume hapahapa kabla trafiki hajafika. Kifamilia."

"Na mwenye dume ni nani?" Limi aliuliza.

Swali lilikuja kwa wakati wake. Mayala alikuwa anakaribia kwa mguu, lubega begani, akiomboleza kwa sauti ambayo ingefaa msiba wa mtemi.

"Dume langu! Dume la babu yangu! Nimelilea kwa mkono huu!"

Limi alimtazama. Akalitazama tena lile sikio. Machozi yake yalikauka yote kwa mara moja, jambo ambalo Zamoyoni angepaswa kulitilia maanani, lakini wakati huo alikuwa anapima kwato.

"Pole baba," Limi alimwambia Mayala kwa adabu. "Ngoja nipige simu nyumbani niulize nina nini cha kukupa."

Alisogea pembeni, akapiga simu mbili. Ya kwanza ilikuwa kwa Deusdedit, wakala aliyemkatia bima. Deusdedit alimwambia mambo matatu: usikiri kosa, usimpe mtu hela barabarani, na jina la mwenye ng'ombe ulipate kwa maandishi. Ya pili ilikuwa fupi sana na ya Kisukuma, na Zamoyoni, mwenye asili ya pwani na masikio ya pwani, aliambulia neno moja tu, wabeja, ambalo ni asante.

"Nitalipa," Limi alisema aliporudi. "Ila baba atanisema kama sina karatasi. Niandikieni kwamba dume ni lenu."

Hapo Zamoyoni alifanya kosa la wasanii wote: alinogewa. Karatasi aliiandika mwenyewe, kwa mwandiko wa mlazo, kwamba dume jeusi lililotajwa ni mali halali ya familia ya ndugu Mayala, na kwamba msimamizi wa mali za familia hiyo ni yeye, Zamoyoni Kibwana. Kuna wateja huwa wanasita kukabidhi hela kwa mtu mwenye lubega, ndiyo maana alijiongeza. Alisaini mara mbili, ya pili kwa ajili ya uzuri.

Wino ulikuwa haujakauka pikipiki ilipofika, imembeba trafiki wa kike na mzee mrefu mwenye filimbi shingoni. Huyo alikuwa Mzee Mageni, kamanda wa sungusungu, walinzi wa jadi wa vijiji vile. Nyuma yao walifuata wanawake na mabeseni, kwa sababu huko dume likigongwa taarifa za nyama hutangulia za ajali.

"Shikamoo baba," Limi alimsalimu kamanda.

"Marahaba, mwanangu. Hujaumia?"

Zamoyoni hakushangaa. Wazee wa Usukuma kila binti kwao ni mwanangu.

Trafiki alikitazama kizibao cha machungwa. "Wewe ni wa kampuni gani ya bima? Hebu geuza hicho kitambulisho."

Zamoyoni aliona nyuki wake wote wa Kahama wanakuja. Alikivua kizibao upesi kuliko alivyokivaa. "Bima? Hapana afande! Kizibao ni cha pikipiki, usalama kwanza. Mimi ni msimamizi wa dume hili. Karatasi hiyo hapo mikononi mwa mama."

Trafiki aliisoma. Kamanda Mageni naye akachuchumaa kwenye kichwa cha dume, akalishika sikio la kushoto.

"Hii mikato miwili na tundu katikati, ni alama ya kwenu?"

"Ya kwetu, mkuu," Mayala alijibu akilia. "Tangu babu."

"Tangu babu," kamanda alirudia, akakohoa kikohozi kirefu. Wanawake wa mabeseni walikuwa wanachekea viganjani. Zamoyoni alidhani wanamcheka mama asiyejua kuendesha.

"Vizuri," trafiki alisema akifungua daftari. "Ng'ombe peke yake katikati ya barabara, bila mchungaji. Kosa ni la mwenye ng'ombe. Utamtengenezea mama gari: bampa, taa, rejeta. Msimamizi ni wewe, umesaini mara mbili."

Mayala ndiye aliyekuwa wa kwanza kujibu, kwa kuvua lubega.

"Afande, mimi ni kibarua tu," alisema, machozi yakiwa yameisha. "Bosi ndiye huyu. Kanipigia simu leo asubuhi."

"Ngojeni kwanza!" Zamoyoni alisema. Jasho, lile lisilompendeza, lilikuwa linamtiririka. "Nimekumbuka vizuri sasa. Dume hili nimelifananisha. Si letu."

Kamanda Mageni alisimama, na kusimama kwake kulichukua muda maana alikuwa mrefu. Alishika filimbi yake.

"Kijana, mtu anayedai ng'ombe mwenye alama isiyo ya kwao, huku kwetu ana jina lake. Nikipuliza hii, watakuja watu mia mbili na fimbo kukuita hilo jina. Sasa fikiri taratibu. Dume ni lako, au si lako?"

Zamoyoni alilitazama dume. Akaitazama filimbi. Akaitazama pikipiki yake nyekundu inavyong'aa juani, na moyo ukamuuma kwelikweli.

"Ni langu," alisema. "Nimelilea kwa mkono huu."

Pikipiki ikabaki kwa kamanda kama dhamana mpaka gari lipone. Nyama nayo iliamuliwa aichukue Limi, ya kulipia kuvutwa kwa gari, na wanawake wakaipakia huku wakiimba. Zamoyoni alirudi Maganzo kwa miguu. Mayala alikuwa ameshapotea, na lubega lilikuwa la kuazima.

Wiki tatu baadaye, machimboni Mwakitolyo, kijana mmoja mwenye vumbi hadi kwenye kope alishusha kiroba chake cha thelathini siku hiyo, akajipanga kwenye foleni ya wali. Fundi wa rejeta hakubali maneno matamu. Zamoyoni alikuwa amemjaribu.

Alipofika mbele aliinua sahani, akakutana uso kwa uso na mpishi. Nyuma yake kilisimama kigari cheupe, kina bampa jipya.

"Karibu, msimamizi," Limi alisema. "Imebaki taa moja tu, na pikipiki yako ni nzima. Kamanda anaifuta kila asubuhi."

"Kwa kitambaa gani?" Zamoyoni aliuliza, hakuweza kujizuia.

"Sijui. Ila nami nina adhabu yangu. Siku ile nilikuwa natazama kioo, nijione ninavyoendesha. Nimemwambia baba ukweli, na sasa kila wiki nampeleka mnadani, anakaa mbele na kufungua dirisha awasalimie watu." Alizamisha upawa ndani ya sufuria, akachagua, akaweka juu ya wali wake pande la nyama kavu ya kuungwa, kubwa kuliko la mtu yeyote kwenye foleni.

"Hii sijaagiza," Zamoyoni alisema.

"Ametuma baba, kamanda wako yuleyule. Alama ya kwetu ni mikato miwili na tundu katikati, sikio la kushoto." Limi alimfunikia sahani vizuri, nzi wasiingie. "Amesema mwenye ng'ombe hawezi kukosa nyama ya ng'ombe wake."